Somo wangu wa Owino

Mwaka 2011 nilipanda basi Bukoba nikavuka mpaka wa Mutukula, naenda Kampala mara ya kwanza kutafuta mitumba. Wenzangu walishanambia we ukifika uliza tu soko la Owino, basi. Nikauliza nikapelekwa, kufika naona bango limeandikwa soko la St. Balikuddembe. Nikajua nishapigwa.

Kulikua na mzee anauza jinzi, Kiswahili cha kuokoteza, nikamuuliza mzee hapa ndo Owino kweli? Akacheka, akasema ndo hilohilo, akaniuliza jina, nikasema Yosefu. "Ssebo, basi hii soko ni yako!"

Akaanza kunisimulia huku anakunja suruali zake. Mi Karoli Lwanga na Kizito nawajua, kigangoni kwetu kila tarehe 3 Juni lazima watajwe, ila huyu Yosefu Mukasa Balikuddembe hata sikumbuki kumsikia, na ndo wa kwanza kuuawa kati ya wale mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda! Alikua mkubwa wa vijana wa ikulu kwa Kabaka Mwanga, yaani mfalme wa Buganda, mapadre walipoondoka Buganda 1882 yeye ndo akawa anawafundisha wenzie dini mpaka waliporudi 1885. Sasa Oktoba mwaka huo Mwanga akaagiza askofu Hannington auawe kule Busoga, Yosefu akamwambia mfalme usoni kabisa kua hapo umekosea. Na askofu mwenyewe Muanglikana, wala sio wa dhehebu lake. Tarehe 15 Novemba akakatwa kichwa, mwili ukachomwa hapo Nakivubo, mzee akanyoosha kidole, kumbe ni pua na mdomo na pale tuliposimama, watu wanashusha mabelo.

Kabla ya kufa alimtumia Kabaka ujumbe kua amemsamehe, ila asipotubu atamshtaki mbele za Mungu. Wanasema Mwanga akaingiwa na hofu, akaagiza auawe mtu mwingine majivu yao yachanganywe, tuone sasa atainukaje kushtaki. Hapo mzee akaacha kukunja, akachota vumbi mezani kwa vidole viwili, akachota na jingine pembeni, akayasugua pamoja kiganjani akanisogezea. "Haya, tenganisha."

Nilichukua jinzi 40, bei alikaza vilevile, usomo wangu haukusaidia kitu. Jioni nikampigia mama, hivi mama mimi ni Yosefu yupi? Akasema yule seremala, kwani kuna mwingine? Nikamwambia yupo, huku ana mpaka soko. Kimya kidogo, halafu akauliza, "Mzigo lakini umepata?"