Barua ya kumpendekeza Mora

Rasimu ya kwanza ya barua ya kumpendekeza mwalimu huyu niliijaza sifa: mpole, mvumilivu, ana upendo. Mama wa mtoto ninayemsaidia aliisoma akacheka, akasema hata dereva wa basi la shule angeweza kuandikiwa hiyo. Nilinuna kidogo, ila alikuwa na haki.

Niko karibu na Boston, msaidizi wa mvulana wa miaka 9 mwenye usonji, hasemi. Kila Jumapili asubuhi nampeleka darasani sinagogini. Mimi mtu wa Tanga, nimepita chuo cha Kurani, kwa hiyo siku ya kwanza tu nilijiona niko nyumbani: Kiebrania husomwa kulia kwenda kushoto, irabu zake ni nukta na vistari, na alefu yao ndiyo alifu yetu kwa kijiti. Hata kijiti kipo! Hati ya Torati haiguswi kwa kidole. Msomaji hufuata mstari kwa kifimbo chenye ncha ya mkono, kinaitwa yad.

Kijana wangu akiona ukurasa uliojaa herufi alikuwa anaziba masikio. Mora, ndivyo wanavyomwita mwalimu wa kike, hakusema kitu. Alichukua kadibodi, akakata kidirisha cha neno moja, akakilaza juu ya kitabu. Neno moja, basi. Akasogeza. La pili.

Pasaka ya Kiyahudi ikakaribia. Usiku wake wa kwanza, mtoto mdogo kuliko wote mezani ndiye huimba maswali manne kuhusu usiku huo. Huyu asiyesema je? Mora alirekodi watoto wanne wa darasa lake kwenye tableti, kila mmoja na swali lake, kitufe chake. (Sikukuu yenyewe, wanaoshika sheria hawabonyezi vitu vya umeme, sisi tulifanya Jumapili iliyotangulia.) Kijana akabonyeza la kwanza mara sita. Darasa zima likaimba mara sita.

Nikaandika upya: kadibodi, vitufe, basi. Nikaongeza kwamba Hagada, kitabu cha usiku huo, inataja watoto wanne, na kuhusu wa nne, asiyejua kuuliza, mzazi anaambiwa: wewe mfungulie. Na kwamba sheria ya Marekani ya 1990 ya haki za watu wenye ulemavu imeziacha nje huduma za taasisi za kidini, kwa hiyo kadibodi ile Mora hakuikata kwa kuogopa sheria.

Nilitaka kuambatanisha kidirisha chenyewe. Kijana alikataa kukiachia, nikapeleka picha.