Miaka mitatu nakimbia kwa macho

Jamani ngoja niwaambie kitu cha aibu kidogo. Kwa miaka mitatu mi nilikua najua kila kitu kuhusu kukimbia na sijawahi kukimbia hata kilomita moja. Sio utani. Raba ipi ya lami na ipi ya porini najua, ukibanwa na kichomi unafanyaje najua, najua Kilimarathon, ile Kilimanjaro Marathon ya kule Moshi, ilianza 2003 na kwamba kile kilima cha kupandisha Mweka ndo kinaua watu, yaani ukinikuta kazini napiga stori utadhani nina medali kabati zima. Medali zenyewe nilikua naziona kwenye status za watu.

Kila mwaka ikifika ile mwisho wa Februari hivi, status zote ni Moshi. Watu wanaziuma medali, nyuma yao mlima umetokea (maana na wenyewe una maringo, siku nyingi umejifunika mawingu), na mi nipo zangu Mbagala kitandani nagonga kopa, "hongera mpenzi", "mwakani na mimi", narudia kuangalia. Na kiukweli nikimaliza kuangalia nilikua najisikia kama na mimi nimefanya kitu. Hapo ndo palikua pabaya. Mtu aliekaa bure anajua amekaa bure, ila we unafuatilia, unasevu video, upo kwenye magrupu mawili ya wakimbiaji, unajiona upo njiani tayari na hata getini hujatoka.

Visingizio vya kila saizi nilikua navyo. Kwanza raba, nasubiri nipate raba ya maana. Nikazipata Karume, mtumba safi kabisa, elfu thelathini na tano baada ya kubishana mpaka jua likanichoma, nikaziosha, nikazianika, nikaziweka chini ya kitanda zikakaa miezi saba. Halafu nikawa nasubiri mwenza, maana mwanamke peke yako barabarani alfajiri, na hicho sikiiti kisingizio kabisa, ni kweli, ila kila Jumapili jogging inapita mtaani kwetu, watu hata hamsini huko, tisheti za njano, wanaimba, filimbi inalia, humo ndani kuna wamama wana umri wa mama yangu mzazi, na mi nawachungulia dirishani na kikombe cha chai mkononi. Wenza si hao wanapita! Kingine nikawa nasubiri nipungue kwanza, maana ntaanzaje kukimbia na huu mwili, watu wataniangalia. Nasubiri kupungua ndo nikaanze mazoezi. Kha.

Kilichonitoa ni hela. Mwaka mmoja nikajipanga, nikaweka ya kujisajili pembeni kabisa, kila wiki nasema wiki ijayo nalipia, naangalia kwanza fulani na fulani kama wanaenda. Nakuja kulipia, nafasi zimeisha. Fulani na fulani walishalipia zamani, hakuna hata mmoja alieniambia, na waniambie ili iweje, mi si nilikua mtazamaji tu.

Usiku ule kwa hasira nikaingia YouTube (kuangalia tena, ndio, ugonjwa haukuisha siku moja) nikakuta mbio ya mita 1500 ya Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi, Christchurch, Michezo ya Jumuiya ya Madola 1974. Kama hujaiona itafute. Mbio za namna ile kawaida watu wanaviziana, kila mtu anamwangalia mwenzie, nani ataanza, mpaka mzunguko wa mwisho ndo wanafyatuka. Bayi hana habari hiyo. Bastola inalia tu kashachomoka, anaongoza toka mwanzo, kawaacha mbali, unakaa unasema huyu atakata pumzi sasa hivi, na John Walker wa New Zealand anamsogelea kweli mwishoni, ila hampati. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Walker mwenyewe alieshika namba mbili nae aliivunja rekodi ya zamani, kwa sababu alikua anamfukuza mtu ambae hakusubiri.

Najua kuna mjuaji ataniambia mbona Simbu alisubiri. Kweli, kwenye marathon ya mashindano ya dunia Tokyo 2025 Alphonce Simbu alikaa na wenzie mpaka ndani ya uwanja, akaja kumpita Mjerumani Amanal Petros hatua za mwisho kabisa, wote wawili wakaandikiwa saa 2 dakika 9 sekunde 48, na dhahabu ikaja Tanzania. Sawa, alisubiri. Alisubiri akiwa na kilomita arobaini na kitu miguuni. Mi nilikua nasubiria kwenye kochi.

Basi nikatoka Jumatano, wala sio Jumapili, niliona aibu watu wa jogging waniangalie. Saa kumi na mbili kasoro, pembeni ya barabara ya Kilwa, mpango ni kutoka Rangi Tatu mpaka Zakhem na kurudi. Sikufika hata robo. Nikawa nahesabu nguzo za umeme, nguzo ya nne kichomi hiki hapa upande wa kulia, nguzo ya sita nimeshika magoti. Sasa hapo kuna mama anachoma vitumbua, moto ndo kwanza unashika, ananiangalia tu. Nikamsalimia huku nahema, shikamoo mama. "Marahaba mwanangu, unakimbizwa na nani?" Nikamwambia hamna mama, mazoezi. Akageuza kitumbua. "Haya kaa hapo upumue, usije ukanifia asubuhi yote hii nikakosa wateja." Nikakaa kwenye kindoo chake.

Nguzo sita, kama mita mia tatu hivi. Ila hizo mita mia tatu zilinifundisha vitu ambavyo video za miaka mitatu hazikunifundisha: naanza na spidi kama nimeiba kuku, raba ya kushoto inabana kidole kidogo, na sidiria niliyovaa sio ya kukimbilia (wadada mnanielewa). Hayo yote hakuna status ingeniambia, maana mguu ni wangu.

Ijumaa nikafika nguzo ya nane. Wiki iliyofuata mvua, sikutoka, nikajua ndo basi tena nimerudi kwenye kochi, ila Jumatano yake nikajikuta nazitafuta raba. Zakhem nilikuja kuifika baada ya mwezi na ushee. Jogging nikajiunga, mchango elfu mbili kwa wiki, tisheti ya njano ninayo na rangi yenyewe hainipendezi hata kidogo, na wale wamama niliokua nawachungulia dirishani wananiacha vibaya mno, kuna mmoja anakimbia huku anaimba na kiitikio anaitika mwenyewe.

Safari hii nimelipia siku waliyofungua usajili. Kilomita 21. Kama kile kilima ntakipandisha mbio au ntatembea huku nalia sijui, ntajua nikifika. Jumamosi hii natakiwa nifanye kumi na nne, na nina malengelenge kisigino cha kulia.

Mama wa vitumbua siku hizi nikipita ananipigia kelele, "Bado hawajakukamata tu?"