Siku yangu moja na jodari, barafu na ubishi wa mzee

Saa nane usiku nishaamka, alamu inalia kwa heshima tu. Feri, soko la samaki hapa Dar, saa hizo kushachangamka, mama wa chai keshawasha mkaa. Mi kabla ya mafuta kabla ya chambo naanza na barafu, mabonge manne, tunayatia kwenye kiroba tunayaponda kwa nyundo mpaka yawe chengachenga, maana bonge lenye ncha linamchubua samaki halafu halimshiki mwili mzima. Deli letu ni friji bovu tulilolilaza chali, chini tumetoboa kitobo maji yatoke, samaki akiogelea kwenye maji ya damu yake umeshamharibu. Wenzangu wananuna, hela ya barafu inakatwa pamoja na mafuta kabla ya kugawana, kwa hiyo kila bonge wanaliona limetoka mfukoni kwao.

Saa kumi tunatoka.

Saa kumi na mbili na nusu mshipi unavutwa, jodari! Watu wengi hapa wanamwachia atapetape kwenye boti mpaka achoke, jamani jodari ana damu ya moto sio kama changu, akipigana mwili unachemka na nyama inapauka. Kwa hiyo akipanda tu nampiga kirungu kimoja cha kichwa, kisu nyuma ya pezi la ubavuni huku na huku, damu imwagike, namsuuza kwa maji ya bahari. Mzee wetu wa mshipi kila siku lazima aseme, "We kijana, samaki hachinjwi, dini imeturahisishia we unataka tabu." Namwambia mzee wangu najua, sichinji, natoa damu tu. Hajawahi kukubali na ni mwaka wa pili huu.

Matumbo nje, tumbo nalijaza chenga za barafu, namlaza kwenye deli, barafu chini, samaki, barafu juu. Kwa joto letu hili kilo moja ya samaki kwa kilo moja ya barafu, pungufu ya hapo unajidanganya.

Saa nne jua limeanza kuuma. Samaki wameshika kwa mpigo, mikono haitoshi, wale wanaosubiri kisu nawafunika gunia lililolowa. Hapa ndo sitaki mzaha maana jodari na hata kibua akikaa juani bakteria wanatengeneza ndani yake sumu inaitwa histamini, na ukimkaanga ukimchemsha haitoki, mtu anakula uso unamwiva kichwa kinagonga mwili unawasha, majirani wanasema ana aleji ya samaki. Aleji gani bana, samaki alipigwa jua!

Saa saba tunageuza.

Saa tisa mnadani. Vibarua wanataka kuwaburuta kwa mkia nagomba mpaka sauti inakauka. Halafu kichekesho chenyewe, wateja wanafunua mashavu kuangalia wekundu, mwanzoni nilikuwa nawatoa mashavu ili wakae zaidi, basi wakawa wananishuku naficha samaki wa kulala! Siku hizi namwachia mmoja mashavu yake awe shahidi. Dalali anawanadi, bei ni ile ile ya boti ambayo haikubeba hata kipande cha barafu, roho inauma sikufichi. Ila wawili sikuwapeleka mnadani, kuna mpishi wa hoteli ananisubiri pembeni, anabonyeza kwa kidole nyama inarudi, ananusa, analipa bila kubishana. Hao wawili walirudisha hela ya barafu na chenji ikabaki.

Saa kumi na moja tunagawana. Mzee kanyamaza, anahesabu zake, kisha anauliza kama yule mpishi na kesho atakuja.

Saa moja usiku bado nasugua deli kwa sabuni, nalipindua likauke, nabeba vibua vinne vya kitoweo. Mama nyumbani kashasema nisiingie ndani na hiyo fulana.