CX-5 ya dizeli: kutoka kuchoma DPF kila kilomita 65 hadi kilomita 231

Kilomita 231 kati ya DPF (chujio la masizi kwenye njia ya moshi) kuchoma masizi yake na kuyachoma tena! Namba hiyo imeandikwa kwa wino mwekundu, kwa sababu kurasa tatu nyuma daftari linasoma 60, 72, 58, 65, na oili ilikuwa inapanda kwenye dipstiki badala ya kupungua.

Gari ni CX-5 ya 2013, Skyactiv-D 2.2, cc 2188, mgandamizo 14 kwa 1, turbo mbili, limetoka Japani likiwa limetumika. Zamani ukisema gari la dizeli hapa Dar ulimaanisha Hilux, Land Cruiser au Hiace, na fundi aliuliza pampu na nozeli tu. Sasa dizeli inakuja ndani ya magari ya kawaida ya familia, na DPF inakuja nayo. Gari la aina hii likikaa kwenye foleni ya Ubungo kila siku halipati joto wala muda wa kumaliza kuchoma.

Oili inapandishwa na dizeli yenyewe. Wakati wa kuchoma, nozeli hurusha dizeli ya ziada pistoni ikiwa inashuka, ili ikaungue kwenye katalisti na kupandisha joto la DPF hadi karibu nyuzi 600. Sehemu yake hugonga kuta za silinda na kuteremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ukizima injini katikati, zoezi linaanza tena safari inayofuata na dizeli nyingine inashuka. Alama ya X iliyo juu ya F (oili imejaa) kwenye dipstiki imewekwa kwa ajili hii. Ikifika hapo mwaga oili siku hiyohiyo, maana oili iliyochanganyika na dizeli haibebi tena beringi.

Cha kwanza kilikuwa oili. Iliyokuwemo ilikuwa nzito, ya malori, yenye majivu mengi. Imewekwa 5W-30 ya kiwango cha DL-1, yenye majivu machache, lita tano na kidogo pamoja na filta. Hakuna kilichobadilika. Thermostati ni nzima, joto linasimama kwenye 88. Vijimpira viwili vya sensa ya DPF havina ufa wala kuziba.

Kisha DPF ikashushwa na kuoshwa kwa maji ya presha ndogo, yakiingia upande wa kutokea moshi, ikakaushwa siku mbili. Tofauti ya presha kabla na baada ya DPF, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, ilishuka kutoka 1.1 hadi 0.5 kPa. Umbali ukapanda hadi 110, na baada ya wiki mbili ukarudi 65. Wiki mbili tu! Kazi ya siku tatu ikapotea, lakini jibu lilikuwa limejificha hapo hapo. Majivu hayaungui, hutoka kwa kuoshwa. Kama tatizo lingekuwa majivu, kuosha kungelimaliza. Kilichorudi upesi namna ile ni masizi, na masizi hutengenezwa na injini. DPF ilikuwa inalaumiwa kwa uchafu inaoletewa.

Mpango uliofuata ulikuwa kupima marejesho ya nozeli, yaani dizeli ambayo kila nozeli inairudisha bila kuirusha, kwa chupa nne. Chupa zilishanunuliwa na mipira imekatwa. Hazikutumika, kwa sababu ya namba moja iliyoonekana kwenye simu iliyounganishwa na kompyuta ya gari.

Bonyeza kitufe mara mbili bila kukanyaga breki, injini isiwake. Hapo hakuna hewa inayovutwa, kwa hiyo presha ndani ya manifoldi (njia inayogawa hewa kwa silinda) lazima ilingane na presha ya hewa ya nje. Dar, usawa wa bahari, ni karibu 101 kPa. Nairobi, kwenye mita 1,660 hivi, tegemea karibu 83. Sensa ya nje ilisoma 101. Sensa ya manifoldi ilisoma 92, na mafuta yakikanyagwa ilichelewa kupanda. Kompyuta ilikuwa inapanga hewa, EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) na dizeli kwa namba ya uongo, bila kuwasha taa yoyote.

Sensa inashikwa na bolti moja tu. Tundu lake lilikuwa limejaa kitu kama kiwi ya viatu. Ilisafishwa kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme na pamba (usichokoe kwa waya, utaitoboa), ikasoma 101. Umbali ukapanda hadi 140.

Sensa ikiwa hivyo, manifoldi haiwezi kuwa safi. EGR inaleta masizi makavu, bomba la kupumulia injini linaleta mvuke wa oili, vikikutana vinakuwa lami. Njia za hewa zilikuwa zimebaki kama nusu. Hewa ikipungua masizi yanaongezeka, DPF inajaa, inachoma mara nyingi zaidi.

Manifoldi na vali ya EGR zililazwa kwenye dizeli usiku kucha, zikasuguliwa kwa brashi ya nailoni, kisha maji ya moto na sabuni ya vyombo. Kostiki soda isiguse kabisa, inakula aluminiamu. Kwenye matundu ya kichwa cha injini, zungusha krenki kwa spana hadi vali za kuingiza za silinda husika zifunge, jaza kimiminika cha kusafishia kabureta, acha nusu saa, sugua, nyonya kwa bomba la sindano. Donge likibaki na vali ikafunguka, linaingia kwenye silinda. Rudia silinda zote nne. Gasketi zote ziwe mpya.

Kuhusu vifaa: FORScan, programu ya kusoma kompyuta ya gari, inatosha kabisa kwa Mazda, lakini adapta za kuiunganisha na gari za bei ya chini zilizoandikwa v2.1 ziache dukani, zinakosa amri na kukata mawasiliano katikati. Ya waya wa USB ni bora.

Na wanaoshauri DPF itobolewe: kompyuta isipobadilishwa programu inaweza kuendelea kuamuru kuchoma, dizeli itaendelea kushuka kwenye oili, na moshi mweusi utawaendea watoto walioko barabarani. Manifoldi chafu itabaki palepale.

Usomaji wa mwisho, ule wa 231, ni wa Kibaha hadi Chalinze, kilomita 80 kwa saa, kuchoma kulimalizika kwa dakika 14. Oili ipo chini kidogo ya F. Chupa za nozeli bado ziko kwenye boksi. Kwa sasa inatafutwa nafasi ya chupa ya kunasa mvuke wa oili kati ya bomba la kupumulia na turbo, yenye mdomo usiopunguza kipenyo cha bomba la asili.