Vizibo vya Soda Vilivyotufundishia Kusoma Manzese

Nilipokuwa mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mimi na wenzangu watano tuliamua kuzitumia Jumamosi zetu kuwafundisha kusoma watoto wa Manzese, wengine wakiwa wameacha shule, wengine wakihudhuria kila siku bila kuelewa kinachoandikwa ubaoni. Leo ni mwaka wa tatu wa kazi hiyo, na watoto 37 wamejua kusoma mikononi mwetu. Ninaandika kwa furaha, lakini pia kwa uchungu, kwa sababu karibu kila ushauri tuliopewa mwanzoni ulitupotezea muda.

Tuliambiwa kwamba watoto wa uswahilini hawaji mahali bila kupewa kitu, nasi tukaamini. Tulichanga sehemu ya fedha zetu za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, tukanunua biskuti na juisi, na siku ile walikuja watoto zaidi ya 40. Jumamosi iliyofuata hatukuwa na fedha, wakaja 11. Hao 11 ndio waliokuwa wakitafuta kusoma tangu mwanzo, na laiti tungeanza nao, tusingewafundisha wengine kwamba sisi ni watu wa kugawa biskuti. Mwingine alitushauri tufundishe Kiingereza kwa kuwa ndicho wazazi wanachokipenda. Tulifanya hivyo kwa mwezi mzima. Watoto waliimba nyimbo za Kiingereza vizuri sana, wazazi wakatushukuru, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeweza kusoma jina lake mwenyewe.

Ruhusa ya serikali ya mtaa tuliipata, na mahali tulipewa na bibi mmoja muuza chapati, nyuma ya nyumba yake. Kilichotushinda ni saa. Tulipanga kuanza saa nane mchana, tukafika na kukuta uwanja mtupu. Bibi alituambia, "Wanangu, watoto wako chuoni." Tulishangaa, maana sisi ndio tuliotoka chuoni, kumbe pale mtaani chuo ni madrasa. Tulikwenda kumsalimia ustadhi, tukazungumza naye kwa heshima, naye mwenyewe akapendekeza saa kumi na nusu, watoto wakishaswali Alasiri. Tangu hapo alikuwa akiwahimiza waje kwetu. Yeyote anayetaka kufundisha watoto wa mtaa wowote wa pwani na aanze na ustadhi kabla ya kununua chaki.

Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na kwa hiyo watu wengi huniuliza inakuwaje bado wapo watoto wasiojua kusoma. Mtoto anayeuza karanga hadi usiku hulala darasani. Mtoto aliyekaa nyuma katika darasa lenye watoto zaidi ya 100 hujifunza kuitikia pamoja na wenzake, na kuitikia huko humficha. Tulikuwa na msichana wa darasa la nne aliyesoma ukurasa mzima wa kitabu bila kukwama. Nilifurahi, kisha nikafunika picha kwa kiganja na kumwomba aniambie neno la tatu katika mstari wa pili, akanyamaza. Alikuwa ameuhifadhi ukurasa wote kwa kusikia. Yeye huyohuyo alipanda daladala peke yake bila kupotea, kwa kuwa daladala za Dar es Salaam hupakwa mstari wa rangi kulingana na njia zake, naye alijua rangi zote za Ubungo, Mbezi na Kariakoo. Nilitambua siku hiyo kwamba akili anayo tele, ila hakuna aliyewahi kumpima peke yake.

Ndipo tulipoacha kuwapanga kwa umri au kwa darasa. Majaribio ya Uwezo, yanayopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu na yaliyoanza nchini mwaka 2010, humpa kila mtoto kazi za kiwango cha darasa la pili hata kama yeye yuko la saba, nasi tulifuata njia hiyo: herufi, silabi, neno, aya, hadithi. Kila mtoto alisoma kando, bila wenzake kusikia, asije akaaibika. Kijana wa miaka 13 alikaa na watoto wa miaka minane kwa wiki tano tu, kisha akawapita.

Sasa niseme juu ya vizibo. Hatukuwa na vitabu vya kutosha, na Kiswahili, kwa bahati njema, hujengwa kwa silabi zinazotamkwa kama zilivyoandikwa. Niliomba vizibo vya soda kwa mwenye duka la vinywaji, akanipa mfuko mzima bure. Nilipiga hesabu usiku bwenini: konsonanti 18 za herufi moja, kila moja na irabu zake tano, ni silabi 90; ukiongeza irabu zenyewe, vizibo 95. Nikabandika karatasi ndani ya kila kizibo, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito, nikalala nikiwa na hakika kwamba kazi imekwisha. Jumamosi nikawaambia watoto waunde neno "baba". Wakatafuta, wakatafuta tena, kisha mvulana mmoja akainua mkono: "Dada Mwalimu, baba amebaki nusu." Nilikuwa nimetengeneza "ba" moja tu! Hakukuwa na baba, wala mama, wala dada, wala kaka. Nilirudi bwenini nikachukua gazeti, nikahesabu silabi katika habari moja ndefu, nikaona jinsi "ka", "wa", "ni", "na" na "ma" zinavyojirudia, ilhali "wu" haikutokea hata mara moja. Seti ya pili ilikuwa na vizibo zaidi ya 300, "ka" peke yake vikiwa 12, na gharama yote, pamoja na gundi, haikufika shilingi elfu kumi.

Kazi ya kwanza ya kila mtoto ilikuwa kuunda jina lake. Mwenye jina kama Rehema alimaliza mara moja, lakini wenye majina kama Mwajuma walisubiri hadi tulipoongeza "mwa", "nya", "sha", "cha" na "mba". Vilevile vizibo viliwasaidia waliochanganya "kula" na "kura", kwa kuwa mtoto alibadilisha kizibo kimoja na kuona kwa macho yake kwamba amekwisha kutoka mezani akaingia kwenye uchaguzi.

Bibi alikaa nasi kila Jumamosi. Alijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima miaka ya sabini, na siku niliyokata tamaa aliniambia, "Mwanangu, aliyenifundisha mimi alikuwa amemaliza darasa la saba tu. Lakini alikuja kila siku aliyosema atakuja." Basi wakati wa mitihani yetu tulipeana zamu, wawili wawili, na hatukuwahi kufunga. Kwa kijana wa miaka 13 tulimwona mwalimu mkuu wa shule ya jirani, akapokewa katika darasa la MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, ambao wazazi wake hawakuwa wameusikia.

Nimemaliza chuo Julai iliyopita, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza niliowazoesha mapema wameshika kazi. Sanduku la vizibo linakaa kwa Bibi. Juzi wamenitumia ujumbe kwamba "nya" tatu zimepotea na watoto wawili wapya wanaitwa Mwanahamisi, kwa hiyo Ijumaa nitapitia dukani.