Kupima radoni kwenye besimenti: kipimo huharibikia nyumbani, si maabara

Mnaoishi Iowa, hasa kwenye nyumba zenye besimenti (chumba cha chini ya ardhi), pimeni radoni, gesi yenye mionzi. EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, limeweka kaunti zote 99 za jimbo hilo kwenye kundi la hatari kubwa zaidi. Gesi hii hutokana na urani iliyomo ardhini na hupenya kwenye nyufa za sakafu. Haionekani wala hainuki. Ukiivuta kwa miaka mingi inaweza kukuletea saratani ya mapafu, na mvutaji sigara yuko hatarini zaidi.

Kipimo cha bei nafuu ni kopo la mkaa. Funga madirisha na milango ya nje kwa muda wa saa 12 kabla ya kulifungua, na uviache hivyo hadi mwisho wa kipimo. Kuingia na kutoka kwa kawaida si tatizo. Liweke kwenye chumba cha chini kabisa ambacho watu hukitumia, sentimita 50 au zaidi kutoka sakafuni na 90 kutoka dirishani. Jikoni na bafuni hapafai: mkaa hunyonya unyevu, na maji yakishika nafasi, radoni inakosa pa kukaa.

Wengi wanakosea siku ya kufunga kopo. Radoni hupungua nusu kila baada ya siku 3.8, kwa hiyo kopo likilala wiki nzima mezani, maabara inapokea mkaa uliopoteza zaidi ya theluthi mbili ya gesi. Andika tarehe na saa ya kuanza na ya kumaliza, kisha litume maabara siku hiyohiyo.

Majibu ya siku chache hayasemi habari za mwaka mzima. Wakati wa baridi hewa ya moto hupanda na kutokea juu, nyumba ikavuta hewa ya udongoni, na kiwango kikapanda. Ndiyo maana napendelea kipimo cha zaidi ya siku 90: kipande kidogo cha plastiki ambacho chembe za alfa, zinazorushwa na radoni, hukitoboa vijishimo. Maabara hukichovya kwenye kemikali kali, sodiamu haidroksaidi, vijishimo vipanuke, kisha huvihesabu kwa hadubini.

EPA inataka urekebishe nyumba ikifika pikokyuri 4 kwa lita, yaani bekereli 148 kwa mita ya ujazo (vyote ni vizio vya kupimia mionzi). WHO inapendekeza bekereli 100. Kuziba nyufa peke yake hakutoshi. Fundi hupitisha bomba chini ya sakafu, na feni ikavuta gesi hadi juu ya paa. Pima tena feni ikishafanya kazi saa 24, kabla siku 30 hazijapita.