Mafao ya mke wangu hayakuwa mirathi

Mke wangu alikuwa muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya wazee hapa Houston. Alifariki akiwa na miaka 36, akaniachia watoto wawili. Baada ya arobaini, shemeji yangu mkubwa alinipigia kutoka Tanga: "Shemeji, yale makato yake ya pensheni tunayagawaje?" Hakuuliza kwa ubaya. Kwetu mtu akifariki, ukoo unakaa kikao na msimamizi wa mirathi anateuliwa. Nami kazini nilikuwa nimeambiwa kwamba aliyekufa kabla ya kustaafu haachi kitu, na kwamba kama kipo ni cha wajane wa kike tu.

Nilikwenda ofisi ya Social Security, hifadhi ya jamii ya serikali ya Marekani, nikaomba mkalimani, ambaye halipiwi. Kiingereza nakijua, lakini haki ya wanangu nilitaka niielewe neno kwa neno.

Karani akafungua rekodi ya mishahara yake. Aliyefariki kijana hadaiwi krediti 40 (alama anazopata mtu kwa kufanya kazi), yaani miaka 10 ya kazi. Ili watoto na mzazi anayewalea walipwe, yatosha kuwa marehemu alifanya kazi mwaka mmoja na nusu ndani ya miaka mitatu ya mwisho.

Sheria yenyewe ndiyo inayowataja wanaolipwa, na wosia haubadilishi kitu. Watoto wanalipwa hadi miaka 18, au 19 kama bado wako sekondari. Mjane analipwa kuanzia miaka 60, au umri wowote akiwa analea mtoto wa marehemu aliye chini ya miaka 16. Mgane naye yumo: mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi Stephen Wiesenfeld, aliyefiwa na mkewe, mwalimu, wakati wa kujifungua. Mzazi wa marehemu lazima awe na miaka 62 na awe alimtegemea kwa angalau nusu ya matumizi yake. Kaka na dada hawamo kabisa.

Kilichonikwamisha ni cheti cha ndoa. Fotokopi walikataa, wakataka cheti halisi au nakala iliyothibitishwa na waliokitoa. Shemeji yuleyule ndiye aliyenifuatilia nakala hiyo RITA, wakala wa usajili huko Tanzania, mpaka ikapatikana, na kwa hilo namshukuru sana.

Kila mtoto hupewa asilimia 75 ya mafao ya mama yake, ila jumla ya familia ina kikomo, kati ya asilimia 150 na 180. Fungu langu lilipungua kwa sababu nafanya kazi: kila dola 2 zinazozidi kiwango cha mwaka, wanazuia dola 1. Mshahara wangu haugusi fungu la watoto. Tulipewa pia dola 255, mara moja tu.

Hela za watoto zinapitia kwangu kama mwangalizi, na nimezifungulia akaunti ya peke yake, kwani naweza kuulizwa zimetumikaje. Nilimweleza shemeji haya yote kwa simu, akayapeleka kikaoni. Mama mkwe naendelea kumtumia kila mwezi, kutoka mshahara wangu.